Kumtembelea Mwenzi Ughaibuni Ukiwa Huna Ajira: Mwongozo kwa Wakazi wa Tanga

Mtu asiye na ajira anaruhusiwa kuomba viza ya matembezi. Hakuna kanuni ya Uingereza wala ya nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo, zenye viza moja ya matembezi) inayosema kwamba mwombaji sharti awe na mwajiri, na hakuna fomu inayomfungia njia mtu aliyeandika kwamba hana kazi. Yanayotakiwa kuthibitishwa ni mambo mawili makubwa: kwamba gharama za safari zina mtu wa kuzibeba kwa fedha halali, na kwamba mgeni ataondoka muda wake utakapokwisha. Hilo la pili ndilo zito kwa mume au mke, kwa sababu mwenzi aliyeko ng'ambo, ambaye ndiye mwenye kugharimia safari, ndiye pia anayemtia shaka afisa wa viza. Afisa hujiuliza: mtu huyu hana kazi Tanga, na mwenzi wake yuko Leeds au Hamburg, atarudi kufanya nini? Kila karatasi utakayoiandaa ipimwe kwa swali hilo.

Nitazungumzia Uingereza na Ujerumani, kwa kuwa taratibu za nchi hizi mbili zinatofautiana kiasi cha kumwonesha msomaji kwamba nyaraka inayodaiwa na ubalozi mmoja huenda isiwe na uzito wowote kwa mwingine.

Kutembelea au kuhamia

Kabla ya kugusa fomu, kaa na mwenzi wako, hata kama ni kwa simu, mkubaliane kwa uwazi kama hii ni ziara au ni kuhamia. Wapo wanandoa wanaolazimika kutembeleana kwa sababu njia ya kuishi pamoja imefungwa: wahudumu wa wazee na wagonjwa walioomba viza ya kazi hiyo kutoka nje kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa na Uingereza kuingia na wenzi wao wala watoto wao (na tangu tarehe 22 Julai 2025 maombi mapya ya aina hiyo kutoka nje yamefungwa), na tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa kigeni, isipokuwa wale wa shahada za juu za utafiti, nao wamenyimwa nafasi hiyo. Kwa familia za namna hii ziara ya wiki chache ndiyo njia iliyobaki ya kuwa pamoja huko, na hakuna ubaya wowote kuieleza hali hiyo katika maombi jinsi ilivyo.

Lakini ikiwa nia yenu ni kuishi pamoja, msitumie viza ya matembezi kama mlango wa nyuma. Viza hiyo haigeuzwi kuwa ya ndoa ukiwa ndani ya Uingereza, na Ujerumani kanuni ya jumla ni kwamba mgeni arudi nyumbani akaombe upya viza ya kuungana na familia. Njia ya kuhamia ina masharti yake. Kwa mwenye mwenzi raia wa Uingereza au mkaazi wa kudumu wa huko, kipato kinachotakiwa kwa waombaji wapya tangu Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka, pamoja na kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza. Kwa anayekwenda Ujerumani, mara nyingi hudaiwa cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, ambacho watu wengi hukisomea katika Goethe-Institut jijini Dar es Salaam. Ni safari ndefu, ila ndiyo inayowafikisha mnakokusudia.

Pasi, ndoa na majina

Pasi ya kusafiria ya kielektroniki huombwa kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji na kukamilishwa katika ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, kwa gharama ya shilingi 150,000. Kwa safari ya Schengen, pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kuondoka huko, na iwe na kurasa mbili tupu.

Ndoa ndiyo sababu ya safari yako, kwa hiyo cheti cha ndoa ndicho karatasi ya kwanza kukaguliwa nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kiislamu, ya kanisani, ya bomani na ya kimila, lakini afisa wa viza hakuwapo kwenye nikaha yenu, naye husoma kilichoandikwa tu. Ikiwa mlichonacho ni karatasi mliyopewa na shekhe siku ya ndoa na hamjawahi kuhakikisha kwamba taarifa zake zilifika kwa msajili, anzeni kwa aliyewaozesha, kisha mfuatilie RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo na ndoa) mpaka mpate cheti kinachotambulika. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu anayefuatilia cheti huku tarehe ya miadi ikimkimbiza huishia mikononi mwa vishoka.

Baada ya hapo yalinganishe majina, herufi kwa herufi. Katika familia zetu za pwani si ajabu mtu mmoja kuwa Hadija katika cheti cha kuzaliwa, Khadija katika kitambulisho cha taifa, na Hadija binti Salim bila jina la babu katika cheti cha ndoa. Kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeshangaa. Kwa afisa anayesoma faili lako mbali na hapa, hao wanaweza kuwa watu watatu. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo inayoapwa mbele ya wakili, ikitaja namna zote ambazo jina limeandikwa na kueleza kwamba zote ni zako. Makosa makubwa, kama vile tarehe ya kuzaliwa isiyolingana, yarekebishwe kwenye ofisi iliyotoa nyaraka yenyewe.

Nyaraka zilizo kwa Kiswahili pekee zitafsiriwe. Uingereza hudai tafsiri kamili yenye jina, saini, tarehe na mawasiliano ya mfasiri. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) hutoa huduma ya tafsiri, na wapo wafasiri wengine wanaokubalika.

Sehemu ya kazi katika fomu

Hapa ndipo watu wengi huharibu maombi yao, na huharibikiwa kwa ushauri wa watu wanaowapenda. Shemeji atasema, “Andika kwamba wewe ni meneja wa duka langu, nitakupigia muhuri.” Kijana wa steshenari atajaza “mfanyabiashara” bila hata kukuuliza, kwa sababu ndivyo anavyowajazia wote. Usikubali. Barua ya ajira hukaguliwa: namba ya simu hupigwa, mshahara uliotajwa hutafutwa katika taarifa ya benki, na usipoonekana, barua yote huanguka pamoja na wewe. Kwa Uingereza, udanganyifu katika maombi unaweza kukufungia mlango kwa miaka 10, ilhali kukosa ajira si kosa na hakuna adhabu yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mwenye kubeba adhabu ni mwombaji aliyetia saini, wala si shemeji wala kijana wa steshenari.

Ukweli nao una namna yake ya kusemwa. Mtu asiyeajiriwa si lazima awe mtu asiyefanya kitu. Ikiwa unanunua samaki Deep Sea na kuuza kwa reja reja mtaani, au unashona nguo nyumbani, au una genge Ngamiani, hiyo ni kazi ya kujiajiri hata kama kipato chake ni kidogo, na unaweza kuiandika hivyo mradi uwe na cha kuonesha: kitambulisho cha mjasiriamali, leseni kama ipo, daftari la mauzo, au taarifa ya miamala ya simu inayoonesha fedha zikiingia kidogo kidogo. Ikiwa kweli huna shughuli yoyote, na unalea watoto na kumtunza mzazi mgonjwa, andika kwamba hujaajiriwa, halafu ueleze katika barua nani anakutunza na kwa njia gani. Kipato kidogo chenye ushahidi kina nguvu kuliko kikubwa cha kubuni.

Fedha: za nani, na zimetoka wapi

Kanuni za Uingereza zinamruhusu mtu mwingine kugharimia safari ya mgeni, mradi awe na uhusiano wa kweli na mgeni huyo, yuko kihalali kama anaishi huko, na ana uwezo wa kumtunza kwa muda wote wa ziara. Mwenzi wako basi aandae barua ya mwajiri, hati za mshahara, taarifa za benki za miezi sita hivi na uthibitisho wa hadhi yake ya ukaazi. Jambo linalosahaulika sana ni malazi. Wahudumu wengi wa wazee hupanga chumba katika nyumba wanayoishi na wenzao, na mkataba wa chumba cha mtu mmoja unamfanya afisa aulize mgeni atalala wapi. Barua fupi ya mwenye nyumba inayokubali kwamba mke au mume wa mpangaji atakaa hapo kuanzia tarehe fulani hadi fulani humaliza swali hilo.

Ujerumani ina utaratibu ulio rasmi zaidi. Mwenzi wako huenda kwenye ofisi ya wageni ya mji anaoishi na kutia saini tamko la kuwajibika kwa gharama zako, liitwalo Verpflichtungserklärung, kwa ada ya euro 29. Ofisi hiyo hukagua mshahara wake kabla ya kulitoa, na tamko linamfunga kisheria: gharama zozote utakazoisababishia serikali, zikiwemo za matibabu, zinaweza kudaiwa kutoka kwake. Kwa mwombaji asiye na kipato chake mwenyewe, tamko hili ndilo nguzo ya faili zima. Nakala halisi itumwe Tanga mapema kwa njia ya kuaminika.

Kwa upande wako, taarifa ya benki isomeke kama maisha yako halisi. Fedha nyingi zilizoingia wiki moja kabla ya maombi hazimpendezi mtu, hasa pale akaunti ilipokuwa tupu kwa miezi kadhaa. Ikiwa mwenzi wako hukutumia matumizi kila mwezi, yaonekane kwa mtiririko wake, nawe hifadhi risiti za kutuma na kupokea. Ikiwa kiasi kikubwa kimetokana na mgao wa kikoba, usikiache kikae bila maelezo. Omba barua ya viongozi wa kikoba yenye tarehe ya mgao na kiasi ulichopokea, uambatishe na nakala ya ukurasa wako wa daftari la hisa unaoonesha michango ya kila wiki ikijumlishwa mpaka kufikia fedha hiyo. Afisa asiyejua kikoba ni kitu gani ataielewa hesabu akiiona.

Kinachokurudisha Tanga

Mwombaji mwenye kazi hutoa barua ya likizo. Wewe utalazimika kutoa ushahidi wa maisha. Watoto wanaobaki ni uthibitisho mkubwa: vyeti vyao vya kuzaliwa, barua ya shule inayoonesha kwamba wanasoma na muhula unafunguliwa lini, na maelezo ya nani atakaa nao wakati haupo. Mzazi unayemtunza, ambaye kliniki yake ina tarehe, ni jambo lenye uzito pia. Shamba la michungwa Muheza au kiwanja cha Pongwe kisaidiwe na hati, leseni ya makazi au mkataba wa mauziano, kwa jina lako au majina yenu wawili. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa inathibitisha unapoishi na tangu lini, lakini usiitegemee kwa zaidi ya hapo.

Kuna uthibitisho mwingine ambao wanandoa wengi hawaufikirii, nao ni mwenendo wa yule aliyeko ng'ambo. Mume ambaye hurudi Tanga kwenye likizo zake, anajenga Tanga, na mkataba wake wa kazi una tarehe ya mwisho, anaonesha kwamba kitovu cha ndoa hii kiko huku. Aweke nakala za kurasa za pasi zenye mihuri ya kuingia Tanzania. Kwa maoni yangu hili lina nguvu kuliko hati ya kiwanja, kwa sababu linakwenda moja kwa moja kwenye shaka ya afisa.

Muda unaouomba nao unazungumza. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida huruhusu hadi miezi sita, na ya Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini mtu anayesema ana watoto wadogo na mama mgonjwa kisha anaomba miezi sita anajipinga mwenyewe. Wiki tatu au nne zinazolingana na likizo ya mwenzi wako ni ombi linaloeleweka.

Yote haya yaunganishwe na barua ya ukurasa mmoja. Tuseme mwombaji ni mke anayeishi Makorora, na mumewe ni mhudumu wa wazee Leeds. Sehemu ya barua yake inaweza kusomeka hivi kabla ya kutafsiriwa:

“Sina ajira ya kulipwa. Ninalea watoto wetu wawili, wanaosoma shule ya msingi hapa Tanga, na ninamtunza mama mkwe tunayeishi naye. Mume wangu hunitumia fedha za matumizi kila mwezi, kama inavyoonekana katika taarifa ya benki niliyoambatisha, naye ndiye atakayelipa nauli na matumizi yangu yote. Ninaomba kumtembelea kwa wiki nne wakati wa likizo yake. Watoto watabaki na dada yangu, na nitarudi kabla shule hazijafunguliwa. Ninafahamu kwamba kwa viza ya mume wangu siruhusiwi kuishi naye Uingereza, na sikusudii kufanya hivyo.”

Sentensi ya mwisho huwatisha watu, lakini naona ni ya lazima. Afisa tayari analo jambo hilo kichwani, na barua inayolinyamazia huacha shaka yake ilipokuwa.

Cha kuambatisha na cha kuacha

Uingereza imeorodhesha vitu isivyotaka mwombaji avitumie kama ushahidi, na orodha hiyo inawashangaza wengi: tiketi na hoteli zilizowekwa mapema, bima ya safari, picha za kifamilia, vyeti vya elimu, kadi ya gari, na bili za maji na umeme za mwenyeji. Albamu ya harusi haitakusaidia huko. Schengen, kinyume chake, inadai mpango wa safari ya kwenda na kurudi na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 inayofanya kazi katika nchi zote za eneo hilo. Usilipe tiketi isiyorejesheka kabla ya viza kutoka; uthibitisho wa kuhifadhi nafasi unatosha.

Maombi ya Uingereza yanaweza kutumwa hadi miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu. Ya Schengen yanapokewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla, kwa ada ya euro 90 kwa mtu mzima. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45. Ada hairudishwi ukikataliwa.

Siku ya Dar es Salaam

Alama za vidole huchukuliwa Dar es Salaam, na miadi mingi ni ya asubuhi. Usipande basi Kange alfajiri ya siku ile ile ukitarajia kuwahi. Nenda siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Akina mama na akina dada, msipake hina wala piko kwenye ncha za vidole katika siku zinazotangulia miadi, kwa sababu mashine inaweza kushindwa kusoma alama. Hijabu haina tatizo katika picha ya Schengen, mradi uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji.

Ukiulizwa swali, jibu kile kilichoandikwa katika barua yako kwa maneno ya kawaida. Ukiulizwa, “Unafanya kazi gani?”, jibu ni, “Sijaajiriwa, ninalea watoto. Mume wangu ndiye anayegharimia safari.” Mwenzi wako naye ajue kilichoandikwa, kwa sababu anaweza kupigiwa simu, na tarehe mbili tofauti za ndoa kutoka kwa wanandoa wenyewe ni doa gumu kufutika.

Ukifika, na ukikataliwa

Viza haimnyang'anyi afisa wa mpakani haki ya kuuliza. Beba kwenye mkoba wa mkononi nakala za barua, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenzi wako. Ukiwa huko usifanye kazi yoyote ya malipo, hata kusuka nywele za jirani kwa pauni chache. Ondoka kabla ya tarehe yako. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili kwa mfumo wa kielektroniki kuingia na kutoka kwa wageni, kwa hiyo siku zilizozidi hazijifichi tena kwenye muhuri uliofifia. Ukirudi Tanga hifadhi kipande cha tiketi ya ndege. Safari uliyoimaliza kwa wakati ndiyo ushahidi bora wa maombi yajayo. Hata hivyo usizifuatanishe ziara, kwa kuwa Uingereza humkatalia mtu anayeonekana kuishi huko kwa viza za matembezi.

Barua ya kukataliwa isomeni wawili, mstari kwa mstari. Schengen hulazimika kutaja sababu, na iliyo ya kawaida kwa wenzi wasio na ajira ni shaka kuhusu nia ya kuondoka. Tangu tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani iliondoa utaratibu wa kuuandikia ubalozi barua ya kupinga uamuzi wake. Kilichobaki ni kuomba upya au kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa viza ya matembezi ya Uingereza, kwa kawaida hakuna rufaa, na njia ni maombi mapya. Maombi hayo mapya yataje kukataliwa kwa kwanza bila kuficha, yaambatishe nakala ya barua ile, na yajibu sababu iliyotajwa kwa karatasi ambayo haikuwamo mwanzoni: kama tatizo lilikuwa chanzo cha fedha, ni barua ya kikoba, kama lilikuwa malazi, ni barua ya mwenye nyumba, na kama lilikuwa nia ya kurudi, subirini mpaka jambo fulani la kweli libadilike, kama vile mwenzi wako kuja Tanga kwa likizo na kurudi kazini, au shughuli yako ndogo kutimiza miezi kadhaa yenye kumbukumbu, ndipo mlipe ada kwa mara nyingine.